Alisema Tuzobiraba, Nikasema Bure

Mimi ni mtu wa mdomo, na nalisema hilo mapema ili usije ukanionea huruma mahali nisipostahili. Siku za kazi nauza vitenge Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura. Jumamosi nashika maikrofoni kwenye harusi. Bibi harusi akichelewa saa mbili nzima, mimi ndiye ninayewashikilia wageni wasiondoke. Mjomba akiwa bahili namtangaza kuwa tajiri, tena kwa sauti, mpaka aone aibu na atoe bahasha. Kuongeza chumvi ndiyo kazi yangu, na watu wananilipa kwa hilo.

Kwa hiyo wakati wa kampeni, yule mgombea aliyetoka bara, huko mikoani, alipohitaji mtu wa kumgeuzia maneno kwa Kiswahili, hawakutafuta mbali.

Hapa lazima nieleze kitu, maana mgeni hatakielewa. Bwiza hakuna asiyesikia Kirundi. Tunanunua kwa Kirundi, tunagombezwa maofisini kwa Kirundi. Lakini ukija kufanya mkutano Bwiza bila Kiswahili, watu watakuona umewadharau. Basi mgombea anasema, ananyamaza, na mtu wa kwetu anarudia. Jambo lile lile watu wanalisikia mara mbili, na makofi wanayaweka kwa ile mara ya pili. Mara ya kwanza wanakutazama tu, mikono kifuani. Cheka ukitaka, ndivyo tulivyo.

Siku ile alianza na barabara, nikageuza. Akaingia kwenye maji ya bomba, nikageuza, tukapigiwa makofi. Akafika kwenye afya. Akasema watoto wadogo wanatibiwa bure na mama anayejifungua hatoi kitu, mambo ambayo tulikuwa tunayajua tayari. Nikiwa bado namalizia, sauti ikapasuka kutoka mbele.

"Na sie wa sukari, je? Sie tufe?"

Sikuhitaji kuangalia. Alikuwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu mama alipofariki. Alikuwa na ugonjwa wa sukari miaka tisa. Mwaka mmoja kabla ya mkutano ule alilazwa hospitalini, akapona, halafu hawakumruhusu kutoka kwa sababu bili ilikuwa haijaisha. Wiki tatu mtu mzima yuko kwenye kibaraza cha hospitali, mzima kabisa, analala chini, analindwa na askari kama mwizi. Tukauza friji yangu ndipo akatoka. Siku aliyotoka aliniapia, "Wallahi, mi pale siingii tena mupaka siku watasema ni bure. Na we sikuuzishi kitu kingine."

Basi nilimgeuzia mgombea swali lile kwa Kirundi. Akatabasamu, akajifuta jasho kwenye paji la uso, akajibu kwa neno moja.

"Tuzobiraba."

Maana yake: hilo tutaliangalia, tutaona. Yeyote aliyewahi kupeleka faili ofisini katika nchi hii analijua neno hilo. Ukiambiwa tuzobiraba, unachukua mwavuli wako unarudi nyumbani, na unajua imekwisha.

Mama mkubwa alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Mtaa mzima ulikuwa unanitazama. Niambie wewe ungefanya nini. Nimwambie yule mama, mbele ya watu wote, "tutaona"? Ulimi ulikataa. Nilivuta pumzi kama ninavyovuta nikitaka kumwita bwana harusi, nikasema: "Wagonjwa wa sukari, serikali itawaangalia! Dawa, daktari, hospitali, bajeti mpya ikija, kila kitu bure!"

Mama we! Vigelegele vilipigwa mpaka vumbi likaamka. Wanawake wakafungua vitambaa vya kichwa wakavipunga. Mgombea akaniinamia sikioni, akaniuliza kwa Kifaransa nilikuwa nimesema nini.

"Maneno yako, mheshimiwa. Nimeyapamba kidogo."

Akacheka. Kisha akawainulia watu kidole gumba, akakishikilia pale juu muda mrefu, huku wanamshangilia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini bure alilisikia. Bujumbura hakuna asiyelijua neno bure.

Akapita. Akawa mbunge. Na mimi nikapata jina mtaani: vijana wanaokaa ligalani, pale pembeni mwa barabara wanapopigia soga kutwa, wakawa wananisalimia, "Serikali, umeamkaje?" Nilipenda, sifichi. Nilikuwa najibu, "Serikali imeamka salama, na nyie mnafanya nini hapo bila kazi?" Tunacheka. Nilijiambia kwamba mtu akishasimama akashangiliwa kwa maneno, ameyakubali, na kwamba yule bwana sasa hana pa kukimbilia. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Mwaka ukazunguka. Mwezi wa sita, wakati wabunge wanajadili bajeti mpya inayoanza mwezi wa saba, nilikuwa dukani na wateja watatu wanachagua kitenge cha sare ya harusi. Fundi cherehani anayeshonea kwenye baraza langu alikuwa na redio yake, na redio ilikuwa inarusha kikao cha bunge. Kwa kawaida hatusikilizi. Siku hiyo waliposema "afya" fundi akapandisha sauti.

Mbunge mmoja mwanamke, sauti yake kavu, alikuwa anamuuliza waziri, "Pesa za wagonjwa wa sukari ziko ukurasa wa ngapi? Nimefungua kitabu chote sikuziona." Waziri akajibu juu ya uwezo wa nchi na hatua kwa hatua. Yule mbunge hakukaa. Akasema, "Mheshimiwa mwenzangu aliyeko pale nyuma alipewa kura za Bwiza kwa ahadi hiyo. Video tunayo kwenye simu. Asimame atueleze."

Nikaacha kupima kitambaa. Moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha, wallahi, kwa furaha! Nilisema moyoni, haya bwana, leo utalipa.

Akasimama. Sauti yake niliitambua mara moja, ile ile ya taratibu.

"Mheshimiwa Spika, ningemuomba mwenzangu aisikilize vizuri hiyo video. Mimi nilisema tuzobiraba. Hayo mengine yalisemwa na mkalimani." Akangoja kidogo. "Kama kuna ahadi, basi wagonjwa waende kwa mkalimani awatibu."

Bunge zima likacheka. Nilisikia meza zinapigwa. Spika mwenyewe alicheka, akaomba utulivu huku bado anacheka. Halafu wakapiga kura, mtangazaji akasema bajeti imepita.

Fundi, ambaye mkutanoni hakuwepo, aliondoa mguu kwenye cherehani. Hakuniita Serikali. Aliniita kwa jina langu, akauliza, "Ni we?"

"Kumbe!" akasema mmoja wa wale wateja. Mwenzake akakunja kitenge alichokuwa amekishika, akakirudisha juu ya rundo taratibu, wakatoka.

Nilibaki nimeganda na futi yangu mkononi. Kilichonishtua si kwamba mtu yule alidanganya. Angedanganya ningetukana, ningekuwa na hasira yangu safi, ningetoka nje nikawasimulia vijana wote wa ligala. Hakudanganya! Alisema kweli tupu mbele ya nchi nzima. Tuzobiraba alisema yeye, bure nilisema mimi. Wakati ule wote nilidhani nimemfunga kamba shingoni, kumbe kamba ilikuwa kwangu.

Jambo la kwanza lililonijia ni mama mkubwa. Sikutaka alisikie kwa jirani. Nikamwachia fundi duka, nikaenda kwake, avenyu mbili tu kutoka pale, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitamwambia kwamba niliteleza. Nitamwambia kwamba kelele zilikuwa nyingi. Mtu wa mdomo hakosi la kusema.

Nilipofungua pazia la chumba chake nilipigwa na udi. Udi mwingi mno, wa kuchoma macho, mchana kweupe. Na chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine.

Alikuwa amekaa kitandani, mguu mmoja umefungwa kipande cha kanga.

"Ni nini hiyo?"

"Si kitu. Ndala ilinikata."

"Lini?"

"Ramadani ilipoisha."

Ramadani ilipoisha! Nilihesabu miezi kichwani. Nilikuwa namtembelea kila wiki. Kila wiki alikuwa amevaa soksi, na mimi, na mdomo wangu huu, nilikuwa namtania: "Mama mkubwa, joto lote hili, soksi za nini? Umekuwa mzungu?" Naye anacheka na mimi, anavuta mguu chini ya kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Uuze na cherehani ya watu? Mwezi wa saba iko karibu," alisema, tena kwa utulivu, kama mtu anayengoja zamu yake. "Bajeti mupya ikianza tu naenda. Nimeshaandaa na nguo."

Aliinyooshea kidole pembe ya chumba. Kulikuwa na mfuko mdogo, umefungwa, na sahani na kikombe juu yake, vile vitu mtu anavyokwenda navyo hospitalini.

Nilipiga magoti nikafungua ile kanga. Sitaeleza sana. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, na weusi ulikuwa umepanda. Nilipiga yowe, sijui nilisema nini, majirani wakaja. Kutafuta gari ikawa kazi nyingine, kwani mafuta hakuna mjini, teksi zimepangwa mstari kwenye vituo vya mafuta tangu jana yake. Fundi, aliyekuwa amefunga duka akanifuata, akakumbuka mtu mmoja wa mtaa wa Mutakura anayeficha bidoni, dumu la petroli, nyumbani, akaenda kumwomba kwa baiskeli. Tulifika hospitalini jua linazama.

Daktari alikuwa msichana, macho mekundu kwa uchovu. Alishika mguu, akabonyeza, akauliza mama anasikia wapi na wapi hasikii. Kisha akanipeleka nje, kwenye korido.

"Huu mguu tunaukata. Chini ya goti, kesho asubuhi. Tukichelewa tutakata juu zaidi."

"Apana, daktari. Apana. Ni vidole tu."

"Mngekuja mwezi uliopita vingekuwa vidole tu." Hakusema kwa ukali. "Kwa nini mmengoja?"

Nilikuwa nalijua jibu.

Sikulala. Nilikaa kwenye mkeka kando ya kitanda chake, na kila nikifumba macho nasikia lile bunge linacheka. Nilimchukia mbunge. Nilimchukia waziri na kitabu chake. Kisha nikafika mahali ambapo hapakuwa na mwingine wa kumchukia isipokuwa mimi.

Alfajiri, baada ya yeye kuswali akiwa amekaa kitandani, niliamua kumwambia kabla hawajamchukua. Niliogopa asije akaingia kule ndani bila kujua, halafu jambo likatokea. Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa yamenitoroka.

"Mama mkubwa. Ile siku ya mkutano. Yule mutu hakusema bure."

Alikuwa anakunja kitambaa chake cha kuswalia. Hakuinua macho.

"Alisema tuzobiraba," niliendelea, na machozi yalikuwa yamenishinda. "Tuzobiraba, basi. Bure nilisema mi. Nilitunga. Nilikuona umesimama pale nikashindwa. Ni mi, mama mkubwa. Hawakuahidi kitu. Ni mi."

Alimaliza kukunja kitambaa, akakiweka juu ya mto, ndipo akanitazama, kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza jina la baba yake.

"We mutoto," alisema. "Unafikiri mi sisikii Kirundi? Nimezaliwa hapa Bwiza. Miaka arobaini nawauzia watu mandazi kwa Kirundi. Nilimusikia vizuri sana. Tuzobiraba."

Nilisogea mpaka kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulimsikia?"

"Si nilikuwa mbele kabisa?"

"Sasa kwa nini ulingoja?" Nilikuwa napiga kelele, wagonjwa wengine wakageuka. "Kama ulisikia, ulikuwa unangoja nini, mama mkubwa?"

"Yule mi sijamuamini hata siku moja," alisema. Alininyooshea mkono akanifuta uso kwa kiganja chake, kama alivyokuwa akinifuta nikiwa darasa la tatu. "Nani anaamini wale? Mi niliamini we."