Nilimpa Shemeji Yangu Panga Ili Hadithi Inoge

Nimekosa. Nasema mapema kabla hujanionea huruma, maana watu wakiona huu mkono wangu uliokatwa hawataki tena kusikia ubaya wangu.

Majambazi walitupata Miasenyi, kwenye kibanda chetu cha matunda kando ya barabara kuu. Mume wangu walimuua kwa panga, mimi wakaniacha wakidhani nimekufa. Hawajashikwa mpaka leo. Aliyenikimbiza hospitali Voi kwa pikipiki yake ni shemeji yangu Mwadime, mdogo wa marehemu.

Hao ndugu walikuwa wamegombania mpaka wa shamba huko Rukanga, hata salamu hawapeani. Baada ya mazishi, Mwadime akaja kwangu kutasa, vile sisi Wataita hutoa hasira moyoni. Alijaza maji mdomoni, akayapuliza nje ya mlango, akasema, "Nilimkasirikia ndugu yangu. Hiyo hasira itoke, isiguse watoto wake." Alilia. Tulikuwa sisi wawili tu.

Miaka ikaenda. Shule niliachia darasa la sita, lakini yale mambo hayakunipa amani, nikayaandika kama hadithi ya mauaji. Mwisho wake ulikuwa shemeji na maji yake. Nikaipeleka kwa kikundi cha waandishi wanaokutana Jumamosi nyuma ya hoteli moja Voi. Na nitawataja! Mwakio, mwalimu mstaafu. Wanjiku, muuza vitabu. Na Mutua, huyo mdomo mrefu.

"Mama, yaani muuaji hajulikani?" Wanjiku akaniambia. "Msomaji atakurushia kitabu! Muuaji lazima atoke nyumbani."

"Si yuko hapo!" Mutua akadakia. "Huyu wa kutema maji. Mtu msafi anatubu nini? Mpe panga, mama!"

Tukacheka. Na mimi nilicheka, jamani!

Mwakio ni Mtaita. Anajua kutasa si kukiri kuua. Lakini naye akaandika pembeni ya karatasi yangu: vizuri.

Nikarekebisha. Jina nilibadilisha, lakini nikabakiza kuchechemea kwake, pikipiki yake nyekundu, nyumba yake chini ya mlima Kasigau. Na yale maneno ya mlangoni, nikaandika vile vile alivyoyasema. Nikwambie ukweli? Nilipomshikisha panga nilisikia raha. Miaka yote hiyo sikuwa na mtu wa kuchukia!

Mutua akaituma hiyo sehemu kwa magrupu ya simu, ati tupate maoni zaidi. Ikafika Rukanga. Watu wakasema, "Mjane mwenyewe ndiye ameandika!" Vijana wakachoma nyumba ya Mwadime. Mkewe akarudi kwao.

Nikampigia Mutua nikilia. Unajua alinijibu nini? "Lakini mama, hiyo ni hadithi tu. Na si umeona vile imesomwa!"

Nilizunguka Rukanga nzima nikisema ni uongo wangu. Nani alisikia? Walisema Mwadime ametutishia, mimi na watoto, ndiyo maana nakana.

Nikamfuata shemeji huko Chala, ambako siku hizi anachuma nyanya za watu. Nikapiga magoti kwenye matuta, nikampa chupa ya maji. Nikamwomba atase, atoe hasira yake kwangu.

Aliiangalia hiyo chupa.

"Shemeji, mara ya kwanza nilitema maji mbele yako peke yako," akasema. "Nikitema tena, utaandika nimeua nani?"

Akanirudishia. "Kunywa wewe. Jua ni kali." Akainua ndoo yake, akachechemea akaenda.

Ile hadithi niliichoma. Haikusaidia kitu. Kwetu hasira ikibaki moyoni mwa mtu wako inaleta ugonjwa nyumbani, na yake bado anayo, na ana haki. Mtoto wangu akikohoa tu, naona ile chupa.

Wewe unayeandika, wakikwambia muuaji atoke nyumbani, kataa! Wao watarudi kwao kulala. Mwadime hana kwake.