Bosi alinipa ndoo ya mafuta, akaishia kufunga stoo

Wakuu, habari za mchana, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Zuhura. Tumepanga chumba hapa Tanga, Usagara, kwenye zile nyumba za vyumba vingi, ua mmoja, choo kimoja. Kazi yangu ni kupika na kufua kwa mama mmoja mwenye uwezo wake.

Si mtu mbaya. Niliseme hilo mapema.

Siku moja alinikuta dukani kwa Mangi nanunua mafuta ya kupima, yale ya kufungiwa kwenye kimfuko. Akacheka.

"Mama Zuhura, kila siku unakuja kupima? Unajiumiza bure. Nunua ndoo upumzike."

Nikacheka na mimi.

Wenye nazo wanadhani tunapenda rejareja. Wakuu, tunajua kabisa kwamba jumla ni nafuu. Kinachokosekana ni hiyo hela ya mkupuo.

Ramadhani ilipokaribia, akanipa ndoo nzima ya mafuta. Nilimshukuru mpaka machozi yakanitoka. Nikaipakia kwenye bodaboda, nikafika nayo, nikaisukuma uvunguni na kuifunika kanga.

Sasa mafuta utayaficha. Harufu ya chapati je?

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwanaidi wa chumba cha pili, mtu mzima, kwao Maramba. Kashika kikombe.

"Mwanangu, nisitiri kwa futari ya leo."

Huyu ndiye ninayemwachia Zuhura nikienda kazini. Mtoto alipopata degedege, yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati, miguu peku. Mimi nilikuwa nadeki nyumba ya watu, simu haina chaji.

Ndiye nimwambie mafuta hakuna?

Nikammiminia. Akaja wa chumba cha mwisho, ambaye hunipa makaa ya moto nikiishiwa kiberiti. Akaja mke wa fundi baiskeli, aliyenipikia uji nilipolala na homa. Wote na vikombe vyao, wote wanaongea wakiangalia chini. Hakuna anayeomba kwa raha, wakuu.

Mfungo haujafika katikati, ndoo ikabaki tupu.

Bosi akaniuliza jikoni kwake, "Vipi yale mafuta, yanakusaidia?"

"Yameisha, mama."

"Yameisha? Umeyauza?"

"Hapana mama. Nimegawana na majirani."

"Ungewakatalia. Si yako?"

"Siwezi, mama."

Akatikisa kichwa. "Ndiyo maana hamwendi mbele."

Nikaendelea kuchambua mchele. Kazi naihitaji.

Tangu siku ile stoo yake inafungwa. Nikitaka chumvi, nimwite. Nikitaka unga, nimwite. Anasimama mlangoni nikiwa nachota. Hajawahi kutamka kwamba mimi mwizi, ila miaka yote niliyofanya kazi pale, mlango ule haukuwahi kufungwa.

Hilo limenichosha kuliko njaa. Njaa nimeizoea, kupiga pasi ndefu, yaani kushinda bila kula, kwangu si habari.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye nacho anaweka akiba yake ndani. Sisi ya kwetu tunaiweka kwa watu. Bosi akizidiwa anaita gari. Mimi naita jirani, na jirani niliyemnyima kikombe cha mafuta nitamwita kwa mdomo gani?

Nimejaribu kupanga maneno ya kumweleza haya. Kila nikifika pale naona funguo mkononi mwake, narudi kwenye masufuria.

Nyie mnaoishi nyumba za kupanga, mkipata kitu kikubwa mnafanyaje? Kuna aliyewahi kumweleza bosi wake akaelewa? Niambieni mlisemaje. Mkinicheka sawa, ila msinitukane, kesho alfajiri nipo kazini.