Jina la Atakayempokea Mgonjwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, habari ilipotufikia hapa Kisangani kwamba mashua kubwa ya abiria imezama karibu na Yanonge. Mdogo wangu Furaha alikuwa ndani. Nilikuwa nesi kijana, nikijitolea pamoja na madaktari waliotoka Kinshasa.

Boti yetu ya injini ilikuwa tayari, lakini Mama Aziza hakuturuhusu kuondoka. Ndiye aliyeunganisha kazi ya wenye kujitolea na ya watu wa hapa. Aliwaita kwanza vijana wa pikipiki wa mtaa wa Kabondo na nesi wa chumba cha upasuaji, kisha akawapigia wavuvi wa Yanonge waliokuwa wakiokoa watu, simu ikawekwa sauti ya juu tusikie wote.

“Bon, kila mutu aseme jina ya mutu mwenye atapokea mugonjwa wake,” alisema. “Kama haujui jina yake, donc hauendi.”

Nilimjibu kwa hasira, “Mama, mudogo yangu iko mu maji.”

“Najua, mutoto yangu. Ndio sababu nataka akitoka apate mutu.”

Basi tukataja. Daktari mmoja mwenye maringo alilirudia jina la kijana wa pikipiki mpaka likamkaa mdomoni, ndipo boti ikaondoka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuona, katika ajali za nyuma, majeruhi wakilala mchangani huku wakubwa wakiulizana hii ni kazi ya nani.

Furaha alitolewa majini na Papa Lotika, mvuvi, mguu umevunjika na damu inamwagika. Sikumwona alipopita, nilikuwa na mgonjwa mwingine. Papa Lotika alimwita daktari kwa jina. Daktari alizuia damu njiani, na walipofika mjini akamwita kijana wake wa pikipiki kwa jina. Hospitalini nesi alikuwa mlangoni anamngoja.

Kesho yake nilimkuta mdogo wangu anadai chai. Nililia mbele ya Mama Aziza bila haya, na mpaka leo namheshimu kuliko wakubwa wote niliofanya nao kazi.

Mwanangu, ukienda kusaidia watu, usiwaze kufika tu. Watafute waliokutangulia pale, mjuane, mkubaliane nani anapokea kutoka kwa nani. Mungu akupe mikono miepesi, na siku utakayobebwa wewe, ubebwe na watu wanaojuana.