Noti Kwenye Paji la Mzee

Mzee niliyekuwa nikimtunza Hyattsville alikuwa mpiga gitaa wa bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, na kama hujapata kumsikia usijilaumu, maana hata majirani zake wa ukuta kwa ukuta hawakumjua. Alifanya kazi ghalani mpaka akastaafu, akipiga gitaa Jumamosi kwenye vilabu vidogo. Alirekodi santuri moja tu, na kwenye jalada wakachapa picha ya mtu mwingine. Mimi ningewaka moto. Yeye alicheka, akalining'iniza jalada lile chooni.

Kazi yangu ilikuwa kumpikia, kumkumbusha dawa na kumsugua vidole kwa mafuta ya vuguvugu, kwa sababu baridi yabisi ilikuwa imeanza kuvikaza. Niliipenda kazi hiyo, nasema wazi. Tulibishana kutwa, na mimi mtu nisiyempenda sibishani naye.

Wiki moja ya mwezi wa tano akaniambia kwamba Jumatatu watu wa kanisa lake watakuja kuchukua gitaa, wakaliuze kwenye mnada wao.

"Lakini vidole bado vinaweza," nikamwambia.

"Vidole vinaweza. Wa kumpigia ndiye sina."

Nilikasirika kana kwamba gitaa ni langu.

Jumamosi hiyo tulikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu, aliyekuwa anaolewa, kwenye ukumbi mmoja Greenbelt. Asubuhi mpiga kinanda wetu akapiga simu kutoka Alexandria, mji wa jirani: gari limemfia. Dada akaanza kulia. Mimi nikamwendea Mzee. "Umeshaamua kuachana na gitaa," nikasema. "Basi liage mbele ya watu." Alininunia kwanza, kisha akaniomba nimpigie pasi shati lake jeupe.

Alianza na wimbo aliomtungia marehemu mkewe, taratibu, macho kayafumba. Watoto wakaacha kukimbizana. Ndipo mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akainuka na kanga yake kiunoni. Nilijua anachokwenda kufanya na nikafurahi. Hata haikunijia kwamba Mzee hajui. Mama akamwendea kwa madaha, akambandika noti ya dola kwenye paji la uso. Dada akafuata, na wenzake nyuma yake, vigelegele juu.

Gitaa likanyamaza. Noti ikadondoka mapajani.

"Mbona amestop?" mtu akauliza.

Mzee alinitazama mimi peke yangu. "Ujanani nilipiga barabarani, kopo miguuni," akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Watu walinitupia senti na kupita. Niliapa sitarudi kule. Umenileta hapa niwe ombaomba?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama akauliza amesema nini, nikamweleza.

"Ombaomba?" Mama akashika kiuno. "Mwambie huko ni kumtuza, mwanangu. Mwambie mpigaji mbaya hatumwendei, tunakaa tukala pilau yetu. Yeye kaniinua kitini na magoti yangu haya!"

Nilimfasiria yote, pamoja na magoti.

Mzee akamwonyesha mama kwa kidevu. "Anaelewa maneno ya wimbo?"

"Hata moja, Mzee."

"Na bado akainuka?"

"Na bado akainuka."

Akaiokota noti, akajaribu kuibandika mwenyewe, ikaanguka tena. Mama akamnyang'anya, akaichomeka kwenye kola ya shati na kumpangusa jasho kwa pindo la kanga. Mzee akacheka, akauanza wimbo upya tangu mwanzo. Alipiga mpaka pilau ikapoa, na kila wimbo walimwendea.

Jumatatu nilifika mapema. Sanduku la gitaa lilikuwa mlangoni, limefungwa, tayari kuchukuliwa. Moyo ulinishuka. Yaani baada ya yote yale! Nikalinyanyua nilisogeze kando nipite, likanijia jepesi mkononi.

Mzee alikuwa jikoni, miwani puani, gitaa mapajani, anafunga nyuzi mpya. Zile kuukuu zilijikunja mezani karibu na kahawa yake.

"Kanisa watapata sanduku," akasema bila kuinua kichwa. "Lete mafuta unisugue. Halafu niambie, nani mwingine kwenu anaolewa?"