Kiatu Kimoja kwa Mteja

Fundi wetu wa viatu hapa mtaani Lindi huchukua kiatu kimoja tu kwa mteja kwa wakati mmoja, hata kama vyote viwili vimetoboka. Mwenye mguu mmoja mtupu, anasema, hawezi kuondoka kwa hasira. Ndiyo maana siasa kali za mtaa huishia kwenye benchi lake. Yeye hupaka uzi nta, hushona polepole, na ukimkatiza mwenzako hukunyooshea sindano bila kuinua macho. "Ngoja amalize, yako pia nitasikia."

Jana ilikuwa zamu ya Nasambu na Ojwang, na zile vurugu za hapa mtaani baada ya uchaguzi wa elfu mbili na saba. Ojwang alisema walikuwa wanapigania haki. "Haki gani ya kuchomea watu vibanda?" Nasambu akamkatiza. Sindano ikainuka kumwelekea Nasambu. Ojwang akautazama mguu wake mtupu.

"Hata kibanda chako hiki kilichomwa, fundi. Nilikuwa kati ya waliochoma."

"Najua. Nilikuona." Fundi akakata uzi kwa meno. "Na bado unasema ilikuwa haki?"

"Haki, ndio. Moto, sijui."

"Mimi naona vyote vilikuwa makosa," fundi akasema, akimrudishia kiatu. "Haya, lete hicho kingine."