Msomaji Mmoja wa Darasa la Jioni

Juzi nilisimama mbele ya kamati ya chuo chetu, hapa Upper Hill, nikapendekeza darasa la jioni la uhasibu lifungwe kwa sababu lilikuwa na msomaji mmoja tu.

Mimi ndiye mchambuzi wa data wa chuo. Mfumo wetu wa masomo mtandaoni hurekodi kila mwanafunzi anapofungua somo. Kwenye grafu yangu, msomaji huyo, Wanjiru, alipanda kama ghorofa. Wenzake wote walilala sakafuni. Nilikuwa nimeazimia kwamba safari hii pia tungeamua kwa takwimu, si kwa huruma. Hata mwalimu wao aliponiambia, “Lakini hawa wanapita mitihani,” nilimjibu kwamba huenda anatunga mitihani rahisi.

Ili kuipa hoja yangu nguvu, nikamwalika Wanjiru aje apongezwe. Alifika mbio kutoka kazini kwake Adams Arcade.

“Waeleze wajumbe,” nikasema, “unavyosoma peke yako.”

“Peke yangu? Zii, sir! Mimi ni kiongozi wa darasa. Bando za intaneti tunachanga, nadownload kila kitu, halafu natuma kwa grupu ya WhatsApp. Wote wanasoma. Mimi ndio husoma wa mwisho!”

Mwalimu wao alicheka kwanza, kisha chumba kizima. Nilitamani grafu inimeze.

Profesa mwenyekiti pekee hakucheka. Alivua miwani, akanigeukia.

“Bwana Mutiso, na lile darasa la ualimu tulilofunga muhula uliopita, ulilipima na nini?”