Soma Jina Kwanza

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya hospitali, Butembo, niliikimbilia darubini kama mtoto aliyeona pipi. Masera, mtawa aliyekuwa mkuu wetu, akanivuta mkono.

"Soma jina kwanza! Damu itakungoja."

Nilimnung'unikia moyoni. Mama yule nilimpenda baadaye, si siku hiyo.

Miaka ikapita, nikawa mimi mkuu. Akaletwa Kasereka, mtoto wa mtaa wa Vulamba mwenye selimundu, ugonjwa unaopinda chembe za damu hadi zinaziba mishipa na mifupa inauma vibaya. Daktari alikuwa amepata hospitali ya ng'ambo ya kumtibu kwa seli shina, zile seli changa za ndani ya uboho wa mifupa zinazozaa damu yote. Zilitakiwa za ndugu wa baba na mama mmoja, zinazolingana na zake. Mama yake alileta dada wawili na kaka, Kambale. Sampuli zikapanda ndege kwenye uwanja wa Rughenda. Jibu likarudi: hakuna anayelingana. Mama alilia, nami nikalia naye, wala sioni haya kusema.

Ndipo nikasoma tena jina. Kwetu Wanande, Kasereka ni mvulana wa tatu, Kambale wa pili, na wa kwanza ni Paluku.

"Mama, Paluku iko wapi?"

Akamtazama mumewe.

"Ule haiko tena mutoto yangu," baba akasema. "Alioa binti ya Waislamu kule Beni, akageuza dini. Jina yake, hapana kuitaja mbele yangu."

Nikapandwa na hasira. "Papa, mimi natafuta ndugu ya mutoto, hapana dini!"

Kesho yake mama alishuka Beni mwenyewe. Paluku alikuja siku ileile, shati bado lina vumbi la kakao anayouza. Nikamtoa damu, ikapelekwa ng'ambo. Seli zake zililingana, na wakasafiri.

Kipimo changu cha mwisho kabla ya kustaafu kilikuwa cha Kasereka, amerudi amenenepa. Zamani alikuwa kundi A. Sasa nikapata O. Nikarudia: O.

Baba akaisoma karatasi. "Hii O ilitoka wapi?"

"Mu mifupa ya kaka yake, Papa. Damu yote ya Kasereka sasa inazaliwa na seli za ule."

Akaikunja ile karatasi. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mupigie Paluku simu. Akuje nyumbani, na ule bibi yake ya Beni."

Vijana huniuliza kama naitamani darubini. Kidogo tu. Ninachotamani kusikia tena ni yule baba akitaja jina la mwanawe.